Mgonjwa wa dialisisi kapata kiharusi: ayeyushiwe bonge, avutwe bonge, au aspirini tu? Ulinganisho kwa watu wa Bagamoyo

Swali hili naulizwa sana na ndugu wa wagonjwa, hasa wale wanaotoka huku kwetu Bagamoyo kufuata mashine ya kusafisha damu Dar, kwamba mtu wa figo akipata kiharusi ile dawa ya kuyeyusha bonge la damu anachomwa au hachomwi? Maana ukikaa kwenye benchi la kusubiri utasikia kila mtu na lake, huyu anakwambia mtu wa dialisisi hachomwi kabisa, damu yake haigandi vizuri, atavuja mpaka afe, yule anakwambia kuna shemeji yake kachomwa na saivi anatembea mwenyewe. Mimi ni nesi wa dialisisi, kiharusi nakutana nacho kwa sababu wagonjwa wangu ndo wanaokipata, kwaiyo nalinganisha njia zilizopo kwa mtu mwenye fistula mkononi (mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine) au katheta shingoni (mrija wa kumuunganisha na mashine), siyo kwa yule ambaye figo zake nzima.

Jibu la haraka: dialisisi peke yake siyo sababu ya kumnyima mtu dawa. Mwongozo wa Marekani wa kutibu kiharusi, ule wa 2019, unasema mtu wa dialisisi ambaye kipimo chake cha kuganda kwa damu, kile kinachoitwa aPTT, kiko kawaida, apewe. Kipimo kikiwa kimepanda hapo ndo hatari ya kuvuja inaongezeka. Yaani kinachomtoa mgonjwa kwenye dawa mara nyingi siyo figo, ni heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aliyopewa kwenye mashine na masaa yaliyopotelea nyumbani, na haya mawili nitayarudia mpaka mchoke.

Kabla hujachagua chochote

Hakuna kuyeyusha bonge bila sitiskani (picha ya CT) ya kichwa, hili halina mjadala. Kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka, na kwa nje vinafanana, mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki, na watu wa figo mnajua wenyewe presha zao zilivyo, kwaiyo mpasuko kwao siyo jambo la ajabu. Ukimchoma wa mpasuko dawa ya kuyeyusha umemmaliza. Ndo maana ile aspirini mliyoweka kwenye droo msimpe nyumbani, subirini picha. Na ile tabia ya kumtobolea kidonge cha nifedipini chini ya ulimi ili presha ishuke chap, acheni jamani. Ubongo ulioziba unaitegemea hiyo presha kusukuma damu kwenye sehemu inayokaribia kufa, ukiishusha ghafla sehemu inayokufa inapanuka. Ya kushushwa itashushwa hospitali kwa dawa ya mshipa huku wanaangalia, na viwango vinajulikana: ili achomwe presha iwe chini ya 185/110, akishachomwa ibaki chini ya 180/105 kwa masaa 24.

Sukari nayo ipimwe palepale. Mtu wa dialisisi anayejichoma insulini, insulini yake inakaa mwilini muda mrefu kwa sababu figo zilikuwa zinasaidia kuiondoa, sasa sukari ikianguka anaweza kulegea upande mmoja kabisa ukaapa ni kiharusi, akipewa glukosi anainuka.

Alafu kuna mtego ambao nauona kwa watu wetu tu. Bi mkubwa karudi kutoka mashine, kakaa kwenye mkeka anakunywa chai, kikombe kinamponyoka upande wa mkono wenye fistula, chai inamwagika kwenye kanga, wajukuu wanasema bibi mkono umechoka na yale masindano, nenda kapumzike. Analala. Alfajiri anataka kuinuka aswali, mguu haupo. Ni kweli mkono wa fistula unaweza kuuma, kuwa wa baridi na kufa ganzi, hasa akiwa kwenye mashine, kwa sababu fistula inavuta damu ambayo ingeenda kwenye vidole. Lakini fistula haipindishi mdomo, hailegezi mguu, haikati maneno. Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili afumbe macho, aseme sentensi nzima, kama kimojawapo kinagoma tafuteni gari. Na mjue kwamba saa haihesabiwi tangu mlipogundua, inahesabiwa tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, kwaiyo huyo bibi saa yake inaanza kabla kikombe hakijamponyoka, na aliyelala mzima saa mbili usiku akaamka amepooza, saa yake inaanza saa mbili usiku. Hospitali kubwa zenye MRI au picha ya mzunguko wa damu kichwani zinaweza kumuokoa hata huyo, ila msipange safari mkitegemea hilo.

Siku ya mashine na siku ya mapumziko siyo sawa

Hapa ndo penye uamuzi wenyewe, kwaiyo niacheni nirefushe.

Mgonjwa akiwekwa kwenye mashine damu inazunguka nje ya mwili, inapita kwenye mirija na kichujio, ikiachwa hivihivi inaganda humo humo. Ndo tunamchoma heparini mwanzoni na mara nyingi mashine inaendelea kumpa kidogokidogo mpaka karibu na mwisho. Heparini ya kawaida inapungua kwa nusu kila baada ya saa moja hadi saa moja na nusu hivi, kwaiyo aliyetoka mashine saa sita mchana, ikifika jioni kwa wengi haipo tena ya kutisha. Kwa wengi, siyo wote, na ndo maana aPTT inapimwa badala ya kukisia.

Ubaya wake ni kwamba kiharusi hakichagui siku nzuri. Wagonjwa hawa kinawapata sana wakiwa kwenye mashine au muda mfupi baada ya kutolewa, presha inaposhuka baada ya maji mengi kuvutwa kwa pamoja, yaani wakati uleule ambao heparini bado imejaa mwilini. Aliyepata kiharusi kwenye kiti cha dialisisi yuko karibu na daktari, saa yake inajulikana mpaka dakika, uzito wake unajulikana, lakini dawa ya kuyeyusha anaweza kuikosa kwa sababu ya heparini. Aliyepata nyumbani kwake Dunda, hapa Bagamoyo, siku ya mapumziko, heparini haipo, dawa inamfaa kabisa, ila yuko mbali na sitiskani na hakuna aliyeangalia saa. Kila mmoja ana anachokosa.

Kwa mgonjwa wa kawaida asiyetumia dawa za kuzuia kuganda, madaktari hawangoji majibu ya damu, picha ikionyesha hamna mpasuko na sukari iko sawa wanachoma. Kwa mtu wa dialisisi aliyepewa heparini inabidi wasubiri aPTT. Hiyo ni nusu saa nyingine, au saa nzima kama maabara imelala, kwaiyo kwenye hesabu ya masaa manne na nusu, ndo mwisho wa kuchomwa tangu alipoonekana mzima, huyu mtu wenu hana manne na nusu kamili, mpunguzieni.

Kuna vituo vinatumia enoksaparini badala ya heparini ya kawaida. Hii ni habari nyingine kabisa, inatolewa na figo, kwa mtu asiye na figo inakaa sana, na aPTT haiionyeshi vizuri, unaweza kuona kipimo kizuri kumbe dawa imo. Aliyepewa dozi kamili ya enoksaparini ndani ya masaa 24 hachomwi ya kuyeyusha. Na wale wa warfarini, dawa ya vidonge ya kuzuia damu kuganda, INR (kipimo chake cha kuganda) ikizidi 1.7 hachomwi pia.

Sasa ile kadi ya dialisisi mnayoikunja mnaweka chini ya godoro, ina uzito mkavu (uzito wake maji ya ziada yakishatolewa), saa ya kuingia, saa ya kutoka, dawa iliyotumika na kiasi chake. Uzito mkavu ndo unapigia hesabu dozi, heparini ndo inaamua kama dozi yenyewe ipo. Kila akitoka mashine piga picha ule ukurasa kwa simu, tuma kwenye grupu la familia. Daktari wa zamu wa emajensi hamjui mzee wenu, akiona ile picha ameokoa maswali kumi ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kuyajibu mdomo ukiwa umepinda.

Alteplezi na tenekteplezi

Hizi ndo dawa mbili za kuyeyusha zinazoshindana saivi, ni za ukoo mmoja. Zote zinaondolewa na ini, siyo figo, kwaiyo usikubali mtu akwambie tumpunguzie dozi kwa sababu ni wa dialisisi, dozi ni ileile ya watu wengine.

Alteplezi ndo kongwe, utafiti wake mkubwa wa Marekani ulitoka 1995, na 2008 Wazungu wa Ulaya wakaonyesha inafaa mpaka masaa manne na nusu. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya kiharusi 2019. Dozi ni miligramu 0.9 kwa kila kilo, isizidi 90, asilimia 10 inasukumwa kwa dakika moja na iliyobaki inapita kwa pampu saa nzima. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 54, ya kwanza 5.4 alafu 48.6 kwa pampu. Cha kuchekesha ni kwamba manesi wa dialisisi duniani wanaijua alteplezi kwa kazi nyingine kabisa, katheta ikiziba unaweka miligramu 2 ndani ya mrija, unasubiri, inazibuka. Kwaiyo ukisikia mtu anasema "mbona huyu alishachomwa hiyo dawa mwezi uliopita", muulize alichomwa wapi, kwenye mrija au mwilini, maana kati ya 2 na 54 pana safari.

Tenekteplezi ni ya juzi kwa upande wa kiharusi, kwa moyo ilikuwepo siku nyingi. Utafiti mkubwa wa Kanada wa 2022 ulionyesha haizidiwi na alteplezi, na 2025 Marekani wakaipitisha rasmi kwa kiharusi. Dozi ni miligramu 0.25 kwa kilo, isizidi 25, inasukumwa mara moja kwa sekunde chache basi. Huyohuyo wa kilo 60 anapata 15.

Kwa mtu wa dialisisi tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Mishipa yao imechoka. Mkono wa fistula hauguswi, siyo sindano, siyo kipimo cha presha, siyo chochote, huo mkono mwingine nao umetobolewa miaka, na wewe unataka mrija mmoja wa alteplezi saa nzima na mwingine wa dawa ya kushusha presha, utautoa wapi? Tenekteplezi inataka mshipa mmoja mzima kwa sekunde chache. Na kama anatakiwa kupakiwa kwenye ambulansi kupelekwa hospitali nyingine, anachomwa wanaondoka, hakuna pampu ya kuhangaika nayo kwenye matuta.

Upande wa pili, alteplezi inaisha nguvu haraka, ndani ya dakika chache tu tangu uzime pampu imeshapungua sana, kwaiyo mgonjwa akianza kulalamika kichwa kinapasuka, anatapika, presha inaruka, unazima na sehemu ya dozi hajaipata. Tenekteplezi ikishaingia imeingia. Kwa watu ambao chembe zao za kugandisha damu hazifanyi kazi vizuri sababu ya uchafu wa figo, hiyo nafasi ya kuzima siyo kitu kidogo. Mimi kwa anayesafirishwa nachagua tenekteplezi, kwa anayebaki palepale kwenye kitanda chenye nesi wa kumkazia macho, yoyote iliyopo kabatini, msigombane.

Ila angalieni sana dozi ya tenekteplezi, kwa mshtuko wa moyo wanatumia karibu mara mbili, inaweza kufika 50, na kichupa mara nyingi ni kilekile. Norwei walijaribu dozi ya juu kwa kiharusi, 0.4 kwa kilo, wakasimamisha utafiti kwa wale wenye kiharusi kikubwa kwa sababu damu ilivuja zaidi. Na msikubali streptokinezi. Hiyo ni ya moyo, ilijaribiwa kwa kiharusi miaka ya 1990 majaribio yakasimamishwa, watu walivuja damu kichwani na kufa. Kuna mahali wanayo kwa ajili ya moyo na ndugu akichanganyikiwa anaweza kusema "si hiyo hiyo ya kuyeyusha, mpeni", hapana, siyo hiyo hiyo.

Kingine cha kwetu wa figo: wengi wanameza enalaprili, lisinoprili au kaptoprili za presha. Hawa wakichomwa ya kuyeyusha wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuvimba ulimi na midomo, mara nyingine upande mmoja. Mtaje dawa hizo mapema ili mtu aangalie ulimi, siyo mwangalie mashine ya presha tu.

Je inasaidia kiasi gani, na inavuja kiasi gani

Kwa watu wa kawaida, ukikusanya tafiti kubwa, wakichomwa ndani ya masaa matatu katika kila 10 mmoja wa ziada anapona bila ulemavu wa maana, kuanzia tatu mpaka nne na nusu inakuwa mmoja kati ya 20 hivi. Kuvuja kichwani kwa kuleta madhara, kwenye utafiti ule wa 1995, ilikuwa asilimia 6.4 kwa waliochomwa na 0.6 kwa wasiochomwa. Hayo ndo mabaya na mazuri ya dawa, msidanganywe kwamba ni maji.

Kwa watu wa dialisisi hakuna jaribio kubwa la kwao wenyewe, kilichopo ni kumbukumbu za hospitali. Zile za Marekani zilizochapishwa 2013 zililinganisha waliochomwa wakiwa kwenye dialisisi na waliochomwa wasio wa dialisisi, kuvuja kichwani hakukuwa na tofauti ya kusema, lakini kufia hospitalini kulikuwa karibu mara mbili kwa wa dialisisi. Hapa ndo watu wanasoma vibaya. Wanasema ona, dawa inawaua. Mtu wa dialisisi akipata kiharusi ana moyo mbovu, kisukari, maji mwilini, maambukizi ya katheta, hata asipochomwa chochote vifo vyao viko juu. Kama dawa ndo ingekuwa muuaji ungeona kwenye kuvuja kwanza. Kwa maoni yangu mimi, mtu wa dialisisi aliyekuwa anatembea mwenyewe mpaka sokoni kwenye samaki, aPTT nzuri, saa iko ndani, kumnyima dawa kwa sababu tu ana fistula ni kumuonea. Aliyekuwa kitandani miezi, hamtambui mtu, hapo familia na daktari wakae waongee na hakuna jibu la aibu.

Kuvuta bonge

Njia ya tatu ni kupitisha waya na mrija mwembamba kwenye mshipa mkubwa wa pajani, unapanda mpaka kichwani, bonge linanaswa linavutwa nje, kama fundi bomba anavyozibua sinki. Tafiti tano za 2015 ndo zilibadilisha mambo, na 2018 zikatoka mbili za kuonyesha wengine wanafaidika mpaka masaa 24 wakichaguliwa kwa picha maalumu. Kawaida ni masaa sita.

Hii inafaa kwa bonge kubwa kwenye mshipa mkubwa tu, siyo kila kiharusi. Lakini kwa mtu wa dialisisi ina sifa moja inayoipita dawa: heparini haimzuii. Yule wa kiharusi kwenye kiti cha mashine, aPTT juu, dawa haiwezekani, kama mshipa ulioziba ni mkubwa basi njia yake ni hii na simu ipigwe muda uleule, siyo baada ya kumsubirisha heparini iishe. Na asiye na heparini anaweza kuchomwa dawa alafu akavutwa pia, moja haifuti nyingine.

Watu wanaogopa ile dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha kwamba itaua figo. Figo gani? Mtu ambaye hakojoi tena hana cha kupoteza hapo, na wala hahitaji kukimbizwa mashine dakika ileile eti kuitoa. Anayekojoa bado kidogo, ni kweli kile kidogo ni cha thamani, lakini huwezi kuweka mkojo na nusu ya mwili kwenye mizani moja. Cha kuwakumbusha madaktari ni njia ya kupitia: wengine siku hizi wanapenda kifundo cha mkono, waambieni huyu ni wa dialisisi, mkono anauhitaji kwa fistula ya sasa au ya kesho, wapitie pajani.

Kasoro yake mnaijua, inataka chumba maalumu na mtaalamu, na hapo hatuzungumzii wilaya wala mkoa.

Aspirini tu

Ndo wanayopata wengi, kwa sababu muda umepita au vifaa hamna, na siyo kutupwa. Picha ikionyesha hamna mpasuko anapewa aspirini miligramu 160 mpaka 300 ndani ya siku mbili za mwanzo, kama hawezi kumeza inapitishwa kwenye mpira wa puani. Kama alichomwa ya kuyeyusha, aspirini inasubiri masaa 24 na picha ya pili. Kwa kiharusi kidogo kisicholemaza wengi siku hizi wanaongeza klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia bonge, kwa siku 21, na kwa hao wadogo hata dawa ya kuyeyusha haina faida ya kugombania. Kulazwa kwenye wodi yenye watu wanaojua kiharusi, kupimwa kumeza kabla ya kulishwa uji, kugeuzwa, mazoezi mapema, hivyo vinaokoa watu wengi kimyakimya kuliko tunavyovisifia.

Sasa barabara yetu

Bagamoyo tuna bahati tukijilinganisha na watu wa mbali, Dar ni kilomita sitini na ushee. Tanga mtu akiamua kwenda Dar saa zake zimeishia njiani, kwaiyo huko kinachoamua ni kile kilichopo Tanga mjini. Sisi tunaweza kufika, ila siyo kwa mtindo wa kupita kwanza kwa mganga, kwanza kwa shangazi, kwanza zahanati ya jirani "wamuwekee drip".

Chukulia mzee kalegea saa nane mchana. Mwisho wa dawa ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Toa saa moja na nusu mpaka mbili za njia, toa saa nyingine ya sitiskani na aPTT, mmebakiwa na kama saa moja na nusu ya kutafuta gari, kutafuta hela, kubishana. Mchana kuelekea mjini siyo mbaya sana. Asubuhi ndo balaa, kila mtu anaingia mjini, kuanzia Bunju, Tegeta mpaka Mwenge ni kusimama, na hapo ndo watu wanaanza kufikiria Kibaha. Tumbi ndo hospitali ya rufaa ya mkoa wetu wa Pwani, na hospitali za rufaa za mikoa serikali ilizipelekea sitiskani, kuna wanaokatia Mapinga kupitia Vikawe kutokea Kibaha, na ukishatokea barabara ya Morogoro, hospitali ya Mloganzila nayo haiko mbali. Muhimbili Upanga na MOI (taasisi ya mifupa na ubongo hapohapo Muhimbili) zipo katikati ya jiji, huko ndo kwa kuulizia mambo ya kuvuta bonge.

Mimi ningepanga hivi, kama ni siku ya mapumziko na saa iko mapema, nenda panapofikika haraka penye sitiskani inayofanya kazi leo, dawa ipo leo na maabara inatoa aPTT leo. Nasema leo kwa sababu mashine zinaharibika na dawa zinaisha, jina kubwa la hospitali halichomi mtu sindano. Simu mbili mkiwa ndani ya gari zinatosha, mmoja aendeshe mwingine apige. Kama ni siku ya mashine, katoka masaa mawili yaliyopita na hali ni mbaya sana, macho yameangalia upande mmoja, hasemi, upande mzima umelala, hapo uwezekano wa bonge kubwa upo na dawa ina kizuizi, msiishie pa karibu, elekeeni moja kwa moja kwenye hospitali kubwa. Bima mnaulizia mapema kabla ya yote haya, siku mtu mzima, kama inalipia dawa ya kuyeyusha au mtajichanga, maana dawa yenyewe siyo ya hela ya nauli.

Alafu mashine inayofuata

Hili ndo linasahaulika, watu wakishachomwa wanadhani mambo ya figo yamesimama. Kachomwa Jumatatu, Jumanne ni siku yake ya mashine, aende asiende? Kama potasiamu haijapanda sana na mapafu hayajajaa maji, wengi wanasubirisha mpaka masaa 24 yapite na picha ya pili ionekane safi. Kama haiwezekani kusubiri anaingia, lakini bila heparini, mirija inasukumiwa maji ya chumvi kila baada ya muda ili isigande, na mashine inaendeshwa polepole, muda mfupi, maji machache. Ubongo uliojeruhiwa umevimba, ukimsafisha kwa kasi urea (uchafu unaosafishwa na mashine) inashuka kwenye damu haraka kuliko kwenye ubongo, maji yanakimbilia kichwani uvimbe unaongezeka, na presha ikishuka ile sehemu iliyonusurika nayo inakufa. Muulizeni nesi wa zamu kabla hajaunganisha mirija: leo ni bila heparini? Kama mgonjwa kahamia kituo kipya semeni wenyewe, msidhani imeandikwa. Na sindano zikitolewa kwenye fistula mbonyezeni pale kwa muda mrefu kuliko kawaida, mkiangalia saa, siyo kuangalia kama pamba imelowa.